Maswali ya Wasomaji: «Schutztruppe» ni neno gani, na lilitoka wapi?

Barua nyingi za safari hii zimehusu jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, na karibu zote zimegusa neno hilo moja. Tumezikusanya pamoja. Zinazofanana tumezifanya swali moja.

Swali: Katika sanduku la marehemu babu tumekuta cheti chakavu chenye maandishi «Kaiserliche Schutztruppe für Deutsch-Ostafrika». Neno hilo la katikati lina maana gani, linatamkwaje, na Wajerumani walilitoa wapi? (Msomaji, Muheza)

Jibu: Hutamkwa «shuts-tru-pe», u zote mbili fupi, na mkazo uko mwanzoni. Ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja, kama Kijerumani kinavyopenda. *Schutz* ni ulinzi au hifadhi. *Truppe* ni kikosi cha askari, neno ambalo Wajerumani walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 17. *Kaiserliche* ni «cha Kaizari». Kwa hiyo cheti cha babu yenu kinasema: Kikosi cha Ulinzi cha Kaizari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Anayesoma «ulinzi» akadhani waliolindwa ni wenyeji atakuwa amekosea tangu mwanzo. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alipita Usagara, Ukami, Uzigua na Nguru akikusanya alama za machifu kwenye mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm I aliipa kampuni yake hati iliyoitwa *Schutzbrief*, barua ya ulinzi. Maana yake ya kisheria ilikuwa kwamba dola la Ujerumani linakinga madai ya kampuni hiyo dhidi ya mataifa mengine ya Ulaya. Kansela Bismarck hakutaka hazina ya serikali ibebe gharama za makoloni. Alitaka makampuni yatawale kwa fedha zao, serikali itoe bendera tu. Ndiyo maana nchi hizo ziliandikwa *Schutzgebiete*, maeneo ya ulinzi, na sheria yao ya 1886 ikaitwa kwa jina hilohilo. Lilipokuja kuundwa jeshi, jina lilikuwa tayari linangoja. Jeshi la «eneo la ulinzi» likawa «kikosi cha ulinzi».

Mpango wa Bismarck ulivunjika pwani. Agosti 1888 kampuni ilianza kushika forodha za miji ya mwambao kwa jina la Sultani wa Zanzibar, na watu wa Pangani, Bagamoyo na kwingineko wakainuka, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi wao mashuhuri. Kampuni haikuwa na jeshi la kukabiliana nao. Tarehe 2 Februari 1889 ikapita sheria iliyotenga marki milioni mbili, na Hermann Wissmann akatumwa na cheo cha kamishna wa dola. Wissmann hakuja na vikosi vya Wajerumani. Alikwenda Misri akaandika mamia ya Wasudani waliokuwa wanajeshi wa Misri na kubaki bila kazi baada ya Sudan kuchukuliwa na Mahdi, kiongozi wa uasi wa kidini huko. Kutoka Inhambane huko Msumbiji akachukua Washangaan, ambao Wajerumani waliwaita «Wazulu». Jeshi hilo la kukodi lilijulikana kama *Wissmanntruppe*, kikosi cha Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani alisalimu amri mwaka uliofuata.

Sheria ya 22 Machi 1891 ilikichukua kikosi hicho cha kukodi na kukifanya chombo cha dola, kwa jina mliloliona kwenye cheti. Kazi yake iliandikwa kuwa kudumisha amani na usalama, hasa kupiga vita biashara ya watumwa. Maneno hayo ya mwisho yalisaidia sana kupata kura katika Bunge la Berlin. Lakini utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta Afrika Mashariki hadi walipoondoka. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Neno *Kaiserliche* nalo halikuwa pambo. Ujerumani ya wakati huo haikuwa na jeshi moja la nchi kavu: Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg kila moja ilikuwa na lake. Jeshi la majini ndilo lililokuwa la dola zima, na ndiyo sababu Schutztruppe iliwekwa kwanza chini ya ofisi ya majini, hadi 1896 ilipohamishiwa idara ya makoloni. Afisa wa Prussia aliyetaka kuja huku alitoka kwanza katika jeshi lake ndipo akaandikwa upya. Huku nako hakuwa chini ya majenerali wa Berlin, bali chini ya gavana. Mpangilio huo ulileta mvutano mkubwa mwaka 1914 kati ya Gavana Heinrich Schnee na kamanda Paul von Lettow-Vorbeck, kwa sababu kisheria gavana ndiye aliyekuwa mkubwa.

Vikosi vyenye jina hili vilikuwa vitatu tu: cha Afrika Mashariki, cha Kamerun, na cha Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo. Togo na visiwa vya Pasifiki vilikuwa na polisi tu. Ukikuta picha ya askari wa Kijerumani wa Togo imeandikwa «Schutztruppe», aliyeiandika amekosea.

Swali: Jeshi lililopigwa na Wahehe pale Lugalo ndilo hili, au lilikuwa lile la Wissmann? (Msomaji, Iringa)

Jibu: Ndilo hili, na lilikuwa halijatimiza hata miezi mitano tangu sheria ipite. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara ulikuwa ukipita kwenye kichaka chembamba, askari, wapagazi na punda wamejipanga mstari mmoja mrefu. Bunduki nyingi hazikuwa zimetiwa risasi, na mizinga ilikuwa bado mizigo. Wahehe waliruka kutoka pande zote mbili kwa mikuki. Bunduki ya risasi moja moja humpa askari nafasi ya kufyatua mara moja, pengine mbili, kabla mwenye mkuki hajamfikia. Emil von Zelewski, kamanda wa kwanza wa Schutztruppe, ambaye watu walimwita Nyundo, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya msafara wake, na karibu bunduki 300 zikaingia mikononi mwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa mwenyewe hawakumpata hai: alijiua tarehe 19 Julai 1898.

Baada ya Lugalo misafara ya Schutztruppe ilitembea na walinzi mbele na pembeni, na silaha zimeshaandaliwa. Jina la Lugalo leo limebebwa na kambi na hospitali ya jeshi jijini Dar es Salaam.

Swali: Wazee walikuwa wakisema «ombasha» na «shaushi». Haya ni maneno ya Kijerumani? Na «afande» je? (Wasomaji wa Tabora na Mombasa)

Jibu: Hayo yote ni maneno ya Kituruki, na njia yaliyopitia ni ya kusisimua kweli.

Wale Wasudani wa Wissmann walitoka katika jeshi la Misri. Jeshi la Misri lilijengwa chini ya dola la Waturuki wa Othman, na vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki. Askari walipokuja pwani yetu walikuja na vyeo vyao, na maafisa wa Kijerumani, waliowahitaji mno kuliko wao walivyohitajiwa, wakaviacha kama vilivyo. Vikaandikwa kwa tahajia ya Kijerumani katika madaftari ya kikosi.

*Ombascha* ni *onbaşı*. *On* ni kumi, *baş* ni kichwa, basi ni mkuu wa watu kumi. Wajerumani walimlinganisha na Gefreiter, nasi leo tungemwita koplo. *Schausch* ni *çavuş*, cheo cha zamani sana katika mabaraza ya Waturuki, ndiye shaushi wa wazee wetu, sawa na Unteroffizier. *Betschausch* ni *baş çavuş*, shaushi mkuu, sawa na sajini wa Kijerumani. Juu yake alikuwepo *Sol*, sawa na Feldwebel. Hili ni neno ambalo jeshi la Misri lililifupisha kutoka katika cheo kirefu cha Kituruki. Mwafrika hakupanda zaidi ya *Effendi*, afisa aliyeheshimiwa na askari lakini asiye na amri juu ya Mjerumani yeyote, hata wa cheo cha chini. Hao maefendi walikuwa wachache sana.

Kwenye picha utavitambua kwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Ombasha ana alama moja nyekundu yenye umbo la V, shaushi mbili, betshaushi tatu, sol nne. Picha nyingi za zamani hazina rangi, na nyekundu hutoka nyeusi au kijivu kizito, kwa hiyo hesabu mistari usiangalie rangi. Angalia pia kama picha imegeuzwa: negativu ikichapwa kinyume, alama huhamia mkono wa kulia. Kofia ni tarbushi ndefu yenye kifuniko cha kaki, kitambaa cha kukinga shingo nyuma, na mbele nishani ya tai wa dola.

*Effendi* ndiyo «afande» yetu. Neno lilitoka kwa Wagiriki, likaingia kwa Waturuki kwa maana ya bwana, likapanda Nile na kushuka hadi kwetu. Halikuja kwa njia ya Wajerumani peke yao: Waingereza nao waliandika Wasudani Uganda na Kenya, na katika jeshi lao la KAR (King's African Rifles) cheo cha effendi kilikuwepo. Ndiyo maana kuruta wa Nairobi na wa Dar es Salaam wote wanaitika «ndiyo, afande». Na ukiwahi kusikia mtu amewekwa korokoroni, huyo naye amewekwa kwenye *karakol* ya Waturuki, nyumba ya walinzi.

«Askari» lenyewe ni Kiarabu na lilikuwa limezoeleka pwani kabla ya Mjerumani yeyote kukanyaga. Wajerumani walilichukua kwetu, wakaliingiza katika lugha yao, na hadi leo limo katika kamusi zao.

Swali: Kombania moja ya Schutztruppe ilikuwa na watu wangapi na silaha gani? Nimesoma kwamba bunduki zao zilikuwa zikitoa moshi. Kwa nini? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Kitengo cha msingi kiliitwa *Feldkompagnie*, kombania ya uwanjani, kwa kifupi F.K. na namba mbele yake. Mwaka 1914 zilikuwa 14. Ya 1 ilikuwa Arusha, ya 2 Iringa, ya 10 Dar es Salaam, ya 12 Mahenge, ya 13 Kondoa-Irangi. Jeshi zima halikufika watu 3,000: Wajerumani takriban 260 na askari karibu 2,500. Polisi wa Kiafrika zaidi ya 2,000 walikuwa kando, wakaunganishwa vita ilipoanza.

Kombania moja ilikuwa na askari 160 hivi, baadaye wakaongezwa hadi 200. Waligawanywa platuni tatu za watu 50 hadi 60, na bombomu (bunduki za rashasha) mbili za aina ya Maxim. Wajerumani walikuwa wachache, pamoja na daktari. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani, mazungumzo yote yaliyobaki yalikuwa Kiswahili. Wasudani walizidi kupungua, na kombania zikajaa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema.

Sasa moshi. Vita ilipoanza, kombania sita tu ndizo zilizokuwa zimepewa bunduki mpya. Zilizobaki zilitumia Mauser ya mwaka 1871: milimita 11, risasi moja kila unapofungua bolti, hakuna chemba ya akiba. Kilichokuwa ndani ya ganda la risasi ni baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Baruti hiyo haigeuki hewa yote inapoungua. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki chembe ngumu, ambazo hutoka mdomoni mwa mtutu kama wingu jeupe. Baruti mpya, iliyotengenezwa kwa selulosi na tindikali ya nitriki, hugeuka karibu yote kuwa hewa, na haiachi wingu.

Madhara yake uwanjani ni mawili. Kwanza, adui haoni mtu kichakani ila anaona wingu, na mwenye bombomu huelekeza mkanda mzima hapohapo. Askari aliyejua kazi yake alifyatua, kisha akasogea hatua kadhaa pembeni kabla ya kufyatua tena. Kombania nzima ikifyatua pamoja asubuhi tulivu isiyo na upepo, hata wenyewe hawaoni mbele. Pili, zile chembe huganda ndani ya mtutu, hunyonya unyevu na kuleta kutu usiku huohuo. Mafuta peke yake hayasaidii, kwa sababu mabaki ya baruti nyeusi ni chumvi, na chumvi huyeyushwa na maji. Mtutu ulioshwa kwa maji ya moto, ukakaushwa, ndipo ukapakwa mafuta. Bunduki nyingi za 1871 zinazookotwa leo zimeliwa kwa ndani ingawa nje bado zinang'aa, na chanzo mara nyingi ni hicho. Hata hivyo isidharauliwe. Risasi yake ya gramu 25 ilikuwa nzito mno, na kwenye kichaka ambako watu wanaonana kwa hatua 50, kasi ndogo haikuwa kasoro kubwa.

Tanga, Novemba 1914, Waingereza na Wahindi waliposhindwa na kurudi melini, waliacha bunduki za kisasa zaidi ya 400 na risasi zaidi ya nusu milioni. Hizo zilibadilisha silaha za kombania tatu. Meli mbili zilizopenya, *Rubens* mwaka 1915 na *Marie* mwaka 1916, zikaleta nyingine. Manowari *Königsberg*, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ilitoa mizinga yake yote kumi ya sentimita 10.5. Mizinga hiyo ilivuliwa mtoni, ikavutwa hadi Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu.

Lakini hesabu ya askari na bunduki haitoshi kuieleza kombania. Nyuma ya askari 200 walitembea wapagazi wapatao 250, na bila hao kombania haikwenda popote, kwa maana ndorobo waliwamaliza ng'ombe, farasi na punda. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 25 hadi 30. Bombomu lilifunguliwa vipande: mtutu na mwili wake mizigo yake, kitako cha chuma mzigo mwingine, maji ya kupoza mtutu, lita nne, na masanduku ya mikanda ya risasi 250 kila mmoja. Piga hesabu ya chakula uone tatizo. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za mtama na kula kilo moja kwa siku ameumaliza mzigo wake siku ya 25 bila kumpa askari hata konzi moja. Kwa hiyo jeshi hili halingeweza kwenda mbali na mashamba ya watu. Lilikula kilichokuwa njiani, na waliokuwa njiani walibaki na njaa. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, uharibifu wa mashamba ulifanywa kuwa silaha kwa makusudi: mazao yalichomwa, maghala yakatwaliwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vyote huanzia 75,000 na kufika 300,000. Anayeipima Schutztruppe kwa mapigano yake peke yake anaacha sehemu kubwa ya kazi yake nje ya hesabu.

Upande wa Waingereza haukuwa bora kwa wapagazi. Kumbukumbu rasmi za Waingereza wenyewe zinahesabu zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutoka kwa kikosi chao cha uchukuzi.

Swali: Kuna karatasi imeandikwa «Schützenkompagnie». Ni kitu kilekile kimeandikwa vibaya? (Msomaji, Lushoto)

Jibu: Hapana. Zile nukta mbili juu ya u zinabadilisha neno. *Schutz* ni ulinzi. *Schütze*, «shyu-tse», ni mpiga shabaha. *Schützenkompagnie*, kwa kifupi Sch.K., ilikuwa kombania iliyoundwa baada ya vita kuanza kwa walowezi wa Kijerumani, mabaharia na wafanyakazi wa reli, tofauti na F.K. ya askari. Kadiri vita ilivyoendelea Wazungu hao walipungua kwa homa, askari wakaingizwa, na tofauti ya kweli ikafifia ingawa jina lilibaki. Na -gn- ndani ya *Kompagnie* si kosa: ndiyo tahajia ya wakati ule. Leo Wajerumani huandika *Kompanie*.

Swali: Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam ni ya askari wa Schutztruppe? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Siyo. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wao. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann iliyosimamishwa mwaka 1909, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Sanamu hiyo ya Wissmann ilifika Hamburg, ikawekwa mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968.

Swali: Hitler alikuwa na «Schutzstaffel». Je, ilitokana na Schutztruppe? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Ni neno *Schutz* tu lililokutana. *Schutzstaffel*, yaani SS, iliundwa mwaka 1925 kumlinda Hitler mwenyewe, na Schutztruppe ilikuwa imekwisha: kundi la mwisho la Lettow-Vorbeck lilikabidhi silaha Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na Mkataba wa Versailles wa 28 Juni 1919 ukaiondolea Ujerumani makoloni yote. *Schutz* ni neno la kila siku: polisi wa mtaani aliitwa *Schutzmann*.

Uhusiano uliopo ni wa nguo, tena na kundi jingine. Mashati ya kahawia ya wanamgambo wa Hitler wa SA yalianzia katika shehena iliyokuwa imekusudiwa wanajeshi wa Afrika Mashariki, iliyonunuliwa kwa bei nafuu Austria katika miaka ya 1920. Wenyewe waliyaita mashati ya Lettow.

Neno lenyewe halijafa. Magazeti ya Ujerumani yameviita vikosi vya kimataifa vya Kosovo na Afghanistan «Schutztruppe». Kwa hiyo ukilikuta katika habari ya miaka ya karibuni, usikimbilie historia yetu.

Swali: Babu mzaa babu yetu alikuwa askari wa Mjerumani. Tunaanzia wapi kumtafuta katika kumbukumbu? (Wasomaji wa Songea, Mwanza na Bujumbura)

Jibu: Anzeni nyumbani, kwa sababu bila namba ya kombania au jina la boma mtazama. Waulizeni wazee alikaa boma gani, alipigana wapi, alikuwa na cheo gani. Jina la boma likijulikana, kombania inapatikana.

Kisha geuzeni majina yaandikwe jinsi karani wa Kijerumani alivyoyasikia, maana hapo ndipo watu wengi hukwama. J yetu aliiandika *dsch* au *dj*, ch akaiandika *tsch*, sh akaiandika *sch*, na y akaiandika *j*. Juma akawa Dschuma, Yusuf akawa Jussuf, Ujiji ikawa Udjidji, Bagamoyo ikawa Bagamojo. S aliipenda mara mbili: Kilossa, Ssongea. Mwanza ni Muansa. Miji mingine ilipewa majina mapya kabisa: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga. Andikeni kila umbo la jina la babu kwenye karatasi kabla ya kwenda, na mtafute yote.

Mahali pa kwanza ni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Majalada ya utawala wa Kijerumani yamehifadhiwa kule kwa alama ya herufi G. Ujerumani kwenyewe, kumbukumbu za ofisi ya makoloni ziko Bundesarchiv ya Berlin, fungu R 1001, na za kijeshi za Schutztruppe ziko tawi la Freiburg, fungu RW 51. Andikeni barua mkitaja fungu, boma, miaka na maumbo yote ya jina. Barua inayosema tu «tunamtafuta babu yetu» hurudi na jibu la jumla.

Mengi ya karne ya 19 na mwanzo wa 20 yaliandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani uitwao *Kurrent*. Msomi wa Kijerumani cha leo hausomi bila kufundishwa: e yake hufanana na n yetu, na s ndefu hufanana na f. Tafuteni anayeujua kabla ya kulipia nakala. Vifupisho mtakavyokutana navyo mara nyingi ni hivi: Gefr. ni ombasha, Uffz. ni shaushi, Feldw. ni sol, Hptm. ni kapteni, Abt. ni kikosi kilichokusanywa kwa kazi maalumu, a.D. ni mstaafu, gef. ni aliyeuawa vitani.

Majina ya askari wa kawaida ni machache kuliko ya Wazungu. Orodha nyingi ziliandika Wajerumani kwa majina na askari kwa idadi. Juu ya hayo, hifadhi ya jeshi ya Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Jina lisipopatikana, someni ripoti za kombania yake kwa miaka ile: zitawaonyesha ilikolala, ilikopigana na ilikopoteza watu, na mara nyingi simulizi ya nyumbani hupata mahali pake hapo.